Kisima cha Mwezi wa Nne

Yoramu,

Nani alikutuma uchimbe kisima mwezi wa nne? Nakuuliza wewe, mjukuu wangu fundi. Mwezi wa nne, mvua inanyesha mpaka vyura wanaingia jikoni, ukipiga jembe popote panatoka maji, hata kaburi likichimbwa panatoka maji, na wewe ukaona hapo ndipo penye kisima! Maji yakakufika magotini, ukafurahi, ukatoka shimoni, ukaita watu waje kuona. Waone nini? Mliyokuwa mnayaangalia ni mvua ya jana yake.

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo hunisikii. Nikianza tu kukukaripia unanigeuzia utani. "Mke wangu leo ameamka vibaya," unasema, unanishika mabega, unaniuliza kama nimekula, mimi nacheka, basi, maneno yangu yameishia hapo. Utani huo mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha, nilianza kukuita mume wangu ulipokuwa hata kamasi huwezi kujifuta. Sasa karatasi haina mabega ya kushika. Utakaa chini usome mpaka mwisho. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la watu wazima, herufi zinapanda na kushuka. Ukikwama kwenye neno, rudia. Mimi nimeliandika kwa shida, na wewe lisome kwa shida.

Hivi ninavyoandika jua bado lipo, nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Wewe uko senta unaaga wenzako. Begi lako liko juu ya kitanda limefungwa, kesho asubuhi unataka bodaboda ikupeleke barabarani upande basi la Kahama, ukajenge maghorofa na baba yako mdogo. Vizuri. Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usile hovyo njiani. Umri wa kuambiwa hayo umepita, na kama haujapita basi nilikulea bure. Mimi nataka tuongee habari ya maji.

Nilikwenda Busunzu kumwuguza dada yangu. Nikakuachia nyumba, nikakuachia mbuzi, nikakuachia kisima cha babu yako kule chini kwenye migomba. Nikasema kijana ni mtu mzima, ana ufundi mkononi, ataangalia. Jumamosi nashuka kwenye gari, nafika uani kwangu, nakuta watu wamejaa. Mchungaji yupo, wanakwaya wapo, Sadoki rafiki yako yupo na saruji mpaka kwenye nyusi. Mnanisubiri mimi. Na hapo mlangoni pa jikoni pangu, mahali nilipokuwa naanikia maharage, kuna kisima. Matofali ya kuchoma yamepangwa kama meno. Sakafu ya saruji kuzunguka, kapi la chuma linazunguka bila kelele, mfuniko wa mbao una bawaba. Na kwenye saruji umeandika kwa kidole kabla haijakauka: BIBI.

Nikapiga vigelegele.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mimi, mzee mzima, ninayejua habari za visima kuliko wote waliosimama pale, niliona jina langu nikapiga vigelegele kabla sijauliza swali hata moja. Mchungaji akaomba, watu wakasema amina, Sadoki akateka ndoo ya kwanza, nikanywa mbele yao. Ilikuwa na ladha ya saruji. Nikasema ni matamu.

Jumapili baada ya ibada ndipo niliposhuka kwenye migomba kukata majani. Nikasimama. Kisima cha babu yako hakipo. Kuna udongo mwekundu, kuna vigogo vya migomba, kuna mifuko ya saruji na vipande vya matofali, vimeshindiliwa humo mpaka ukichungulia unaona takataka tu pale ulipokuwa unaona mbingu. Nikakuita. Unakumbuka ulivyojibu? Nitakukumbusha.

"Yoramu, hiki ni nini?"

"Nimekuondolea hatari, mke wangu. Mtoto wa watu angetumbukia humu tukafungwa."

"Na Mama Aniseti hapo jirani atachota wapi?"

"Si apande huku juu? Huku kuna kapi. Anazungusha tu kama yuko mjini."

Ukacheka. Na mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu, maana nilikuwa bado nimelewa zile sifa za jana. Ndiyo maana leo nina hasira mara mbili. Ningekukaripia siku hiyo hiyo ingekuwa imekwisha.

Sasa njoo tuchungulie hicho kisima chako. Mimi nimechungulia leo asubuhi ulipokuwa umekwenda kunyoa. Juu ya maji kuna alama nyeusi ukutani, imezunguka kisima chote kama mkanda. Pale ndipo maji yalipokuwa Jumamosi. Sasa yako chini yake, na nafasi iliyo katikati inaingia ndoo nzima. Najua utakachosema, kwamba watu wamechota. Nani amechota? Maji yana saruji, hata mbuzi wanayanusa na kugeuka. Hakuna aliyechota, Yoramu. Mvua imekatika tu. Mvua imekatika juzi na kisima chako tayari kinaifuata. Huu ni mwezi wa tano. Kuna wa sita, kuna wa saba, kuna wa nane, kuna ule wa tisa ambao upepo unabeba vumbi la barabara mpaka kwenye chungu. Utakuwa wapi mwezi wa tisa? Utakuwa Kahama unakunywa maji ya chupa.

Nikuambie jambo ambalo hulijui, ingawa umelikanyaga tangu ulipoanza kutembea. Lile shimo letu la kuivishia ndizi. Lile unalotandika majani makavu chini, unapanga mikungu, unafunika, unawasha moshi, ndizi zinaiva. Umewahi kujiuliza kwa nini lina mviringo mzuri vile? Nani anachimba shimo la ndizi kwa mviringo mzuri vile, na kulipangia mawe mdomoni?

Kile ni kisima. Ni kisima changu mimi. Nilikuwa bibi arusi, nimechoka kupanda mteremko kutoka bondeni na mtungi kichwani, mguu mmoja unateleza na mwingine unaomba. Nikamsumbua babu yako usiku na mchana. Chimba, chimba, mwanamume gani anashindwa kumchimbia mkewe kisima. Akaniambia, "Subiri kiangazi kikolee." Nikamwambia kiangazi ardhi ni ngumu, chimba sasa hivi ni laini, wavivu ndio wanaosubiri. Nilimwita mvivu mbele ya mama yake. Basi akachimba masika. Alichimba muda mfupi tu, maji yakaja, nikawaita wanawake wenzangu wote waje waone. Nilitembea na shingo ndefu kama wewe ulivyokuwa Jumamosi. Kabla maharage hayajakauka vizuri, kisima kilikuwa na tope. Baada ya tope kikawa na chura mmoja. Baada ya chura kikawa na mimi, nimesimama ukingoni na ndoo tupu, wale wanawake wanapita njiani na mitungi yao ya bondeni wananiamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama wa kisima!"

Babu yako hakunicheka. Alikata majani, akapanga mkungu wa kwanza humo ndani, akasema, "Angalau tutakula ndizi mbivu." Ndivyo alivyokuwa.

Mwaka uleule alisubiri mpaka mwezi wa tisa, ardhi imepasuka, kila mtu analalamika. Ndipo akachukua sururu akateremka kule chini. Watu wakamwona ana wazimu. Alichimba mpaka mikono ikatoka damu, akakuta unyevu, akaendelea, akakuta udongo mweupe, akaendelea, akakuta kokoto na maji yanatoka pembeni taratibu kama jasho. Mvua zilipokuja akaacha. Kiangazi kilichofuata akarudi palepale, maji yalipokuwa yameshuka kabisa, akayafuata chini tena. Na kiangazi kingine tena. Alikuwa anasema maji ukiyaona yana nguvu usiyaamini, yaone siku yanapoumwa. Kwa hiyo kila mwaka, siku za mwisho kabla ya mvua, mtu anashuka, anatoa tope, anachimba kidogo tu, anatoka. Ndiyo sababu kile kisima hakijakauka tangu baba yako azaliwe. Hata ile miaka ambayo watu wa Nyakitonto walilala foleni bondeni, sisi tulikuwa na maji. Machache, meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, lakini yapo.

Na ndiyo sababu hakukijengea chini. Mawe aliyaweka juu tu, mdomoni. Chini aliuacha udongo wazi ili mwakani mtu aweze kuchimba. Wewe umepanga matofali mpaka kwenye sakafu ya maji, ukapiga na lipu. Sasa mwezi wa tisa kikikauka, nani atachimba chini ya matofali yako? Akichimba yatamwangukia. Umejenga kisima ambacho hakiwezi kusaidiwa. Halafu umefunika kile kinachoweza.

Ngoja kidogo. Nimeweka kalamu chini nikaenda kuwafungia mbuzi, nikadhani hasira itapungua. Haijapungua.

Wewe hukukosea kwa ubaya, najua. Ulisema moyoni, bibi anazeeka, mteremko utamuua, nimsogezee maji mlangoni kabla sijaondoka. Hata ukingo umeujenga mfupi ili nisichoke kuinua ndoo. Nimeona. Lakini hapo mlangoni ulipopasafisha, hukujiuliza kwa nini miaka yote hii hakuna mtu aliyepajenga? Hapo ndipo maji yanapopita dhoruba ikija. Yanashuka kutoka barabarani, yanapita nyuma ya choo, yanapita kwenye banda la mbuzi, yanakuja hapo hapo na kila kitu yalichokiokota. Ukingo wako mfupi yatauruka kama mtoto anavyoruka kamba.

Nami najua habari hiyo kwa sababu niliwahi kujitia ujanja. Juu ya kisima cha chini kuna mtaro, unaujua, ule unaouzibua kila mwezi wa kumi huku unanung'unika. Mwaka mmoja niliuona ni ardhi nzuri inakaa bure. Nikaufukia, nikapanda maharage. Yalistawi hayo maharage! Ikaja mvua moja ya mawe na upepo, iliyong'oa paa la shule, na maji yote yaliyokuwa yanazungushwa na ule mtaro yakaingia kisimani na mavi ya mbuzi. Tulikunywa kwa sababu yalionekana yametulia. Nyumba nzima tuliumwa matumbo. Baba yako alikuwa mdogo, alikauka mpaka macho yakaingia ndani, tukambeba kwenye baiskeli mpaka hospitali Kasulu, babu yako anasukuma, mimi namshikilia mtoto nyuma. Hakunisema hata hapo. Aliporudi alichukua jembe, akang'oa maharage yale pamoja na maua yake, akauchimba mtaro upya. Mimi nikamletea uji. Akanywa.

Nasikia unasema, haya bibi, visima nimeelewa, lakini Mama Aniseti anahusikaje. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Unamwona Mama Aniseti ni jirani tu anayekuja na dumu lake, anakusalimia, anakuuliza habari za ufundi. Wewe umemkuta hivyo. Mimi nilimkuta akiwa msichana ametoka kambini Mtabila, anakuja kulima vibarua kwenye mashamba yetu yeye na kaka zake. Leo ni raia kama wewe, ana kitambulisho kama wewe. Siku hizo sisi tulikuwa hatumwiti jina. Tulikuwa tunasema "yule mkimbizi". Na mimi, nisijifiche, nilisema kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Kikaja kiangazi kimoja kisichotaka kuisha. Mwezi wa kumi ukaingia, ukazeeka, mvua hakuna. Watu wakaanza kuja kwenye kisima chetu kutoka mbali. Mimi nikaona maji yanapungua, nikaingiwa na hofu, nikanunua kufuli, nikafunga mfuniko. Nikasema atachota ninayemtaka mimi. Wa kwanza kumfukuza alikuwa yule msichana. Alikuja na ndoo yake, akasema, "Mama, moja tu." Nikamjibu, "Wakimbizi bonde lenu lile pale." Akageuka akaenda. Alikuwa na mimba ya huyo Aniseti.

Sasa sikiliza. Kila mwaka, siku ya kushuka kisimani, watu walikuwa wanakuja wenyewe kutuvutia kamba. Hakuna aliyeitwa. Wanakuja kwa sababu wanachota. Mwaka huo babu yako alisimama ukingoni, akatazama huku na huku, akaniambia, "Watu wako wapi?" Nikamwambia tuanze. Akasema, "Nenda kaombe watu." Nikasema siwezi kuwaomba watu niliowafukuza. Akawasha koroboi, akaishusha kwa kamba mpaka chini, ikawaka vizuri, akashuka.

Nikawa mimi na kamba peke yetu. Navuta ndoo ya tope, namwaga, nashusha. Navuta, namwaga, nashusha. Mikono ikachubuka. Nikasikia kishindo, sio kikubwa, kama mtu ameweka gunia chini. Nikachungulia. Upande mmoja wa kisima ulikuwa umemkalia babu yako, udongo umefika kifuani, uso wote tope, anapumua kwa mdomo. Akaing'ang'ania kamba ya ndoo, nikavuta. Kumvuta mwanamume aliyefukiwa, mwanamke mmoja? Nikavuta, hakutoka. Nikiiachia, atazama. Nikapiga mayowe.

Aliyekuja wa kwanza ni yeye. Alikuwa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani na mimba tumboni. Aliitua ndoo ile chini, hakuimwaga hata tone, akaja akashika kamba nyuma yangu. "Fata neza!" akaniambia kwa Kirundi, shika vizuri, na hicho Kirundi ni Kiha chetu tu, nilikuwa nakielewa siku zote nilipojifanya sikielewi. Nikashika vizuri. Akapiga kelele kuwaita kaka zake, wakaja mbio kutoka shambani, mmoja akashuka, akamfukua babu yako kwa mikono mpaka wakamtoa. Akalala chini pale, hafumbui macho kwa tope. Yule msichana akachukua ndoo yake, yale maji aliyoyafuata bondeni kwa sababu ya kufuli langu, akamwosha babu yako macho. Akamwosha na pua. Akamnywesha yaliyobaki. Halafu akachukua ndoo tupu akarudi bondeni tena.

Hakunisema. Mpaka leo hajanisema. Afadhali angenisema.

Lile kufuli unalijua. Ndilo unalofungia banda la mbuzi.

Tangu siku hiyo Mama Aniseti anachota kwenye kisima chetu bila kubisha hodi, na siku ya kushuka anasimama yeye nyuma yangu kwenye kamba. Babu yako alipokufa nilidhani ndio mwisho, nani atashuka. Wakashuka vijana wake. Wewe ulikuwa unacheza mpira. Mwaka jana pia walishuka wao, wewe ulikuwa Kasulu mjini unajifunza kupiga lipu. Halafu umekifukia bila kumwambia hata neno. Jumatatu alikuja na dumu asubuhi kama kawaida, akakuta udongo. Alikuja huku juu, akasimama hapo mbele ya saruji yako yenye jina langu, akauliza, "Bibi, tumekosana?"

Nikajifanya nafukuza mbuzi. Mimi! Na wewe ulikuwa ndani unajaribu suruali ya kusafiria.

Sasa unakwenda kujenga nyumba za watu. Watakusifu, maana mkono wako ni mzuri, siwezi kusema uongo, nilipoona matofali yale nilijisikia raha mpaka kwenye kucha. Lakini mtu akikuonyesha kiwanja chake wakati wa mvua, mwambie utarudi kukiona jua likiwaka. Na akikuonyesha wakati wa jua, mwulize jirani yake maji hupita wapi. Usione haya kuuliza. Babu yako alikuwa anauliza hata watoto. Mimi nilikuwa siulizi, na nimekwisha kukuambia ninachoivishia ndizi.

Na ukimfanyia mtu wema, kwanza tazama anachokitumia sasa. Usikifukie kabla chako hakijapita kiangazi kimoja. Hata ungeniletea bomba la fedha hapo mlangoni, kile cha chini ungekiacha wazi mpaka tuone mwezi wa tisa.

Najua kazi inakusubiri. Nimempigia baba yako mdogo simu. Amesema msimamizi wao ni mtu wa haraka, asiyefika kwa wakati nafasi yake anapewa mwingine. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi, usidhani nimelichukulia kwa wepesi. Nataka ufanye kazi, nataka ujenge, nataka uoe mke wa kweli uniache mimi na utani wako. Lakini akimpa mwingine, ampe. Nyumba zitajengwa Kahama mwaka huu na mwaka ujao. Udongo ule ukikaa mwezi mzima utashikamana, vigogo vitaoza, hakuna atakayeweza kuutoa, na mwezi wa tisa mimi nitakuwa nashuka bondeni na mtungi, na Mama Aniseti atakuwa nyuma yangu, wazee wawili, kwa sababu ya zawadi yako.

Kwa hiyo kesho huondoki.

Asubuhi, kabla hujanywa uji, nenda kwa Mama Aniseti. Usitume mtu, usipige simu. Nenda mwenyewe, piga hodi, amkia vizuri, mwambie ulichofanya kwa maneno yako mwenyewe bila utani hata mmoja, kisha umwombe watu wa kamba. Mimi nilishindwa kuomba siku ile. Wewe utaomba. Pitia na kwa Sadoki, mwambie aje na sepeto, yeye ndiye alikuwa anasukuma toroli.

Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako cha kulia. Cha kushoto usihangaike kukitafuta, kiko nami, na nitalala nacho. Kisimani watu hushuka peku.

Kamba, ndoo na koroboi viko nyuma ya mlango wa jikoni, mafuta nimeshatia. Vigogo ulivyotupa mle vimeanza kuoza, hewa ya humo siiamini. Ishushe koroboi kwanza, polepole, mpaka chini. Ikizimika, usiweke hata mguu, niite. Ikiwaka, shuka uanze kutoa udongo.